Kichaka cha Malsun

Asubuhi ya Mwaka Mpya, Malsun alikuwa akimwaga maji ya kuoshea mchele kwenye shina la kichaka chake, kama kila asubuhi ya baridi. Majani yake hayapukutiki, na maua yakifunguka harufu huvuka ukuta, huvuka mashamba ya vitunguu saumu, hushuka hadi gatini. Wenyeji wa kisiwa cha Namhae hukiita Harufu ya Maili Elfu.

Mama yake, aliyezikwa majira ya kuvuna vitunguu saumu, alikuwa amekaa kando yake juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alifika ua la kwanza lilipofunguka.

“Ndugu yako Gapsik amekula?” mama aliuliza.

“Ameshiba mpaka shavu linamwaga mafuta. Mama, nisujudu basi.”

“Hapa, kwenye mbolea? Heshima yangu iko mezani.”

Meza ya tambiko, inayoandaliwa chakula cha marehemu kila Mwaka Mpya, ilikuwa nyumbani kwa Gapsik. Nyumba na shamba alipewa yeye, mwana wa kiume, ili amlishe mama hata kaburini. Malsun ndiye aliyemuuguza mama, akamwogesha, akapika chakula cha matambiko yote. Ila wanaume wakisujudu, yeye hubaki jikoni. Hamu ya kusujudu mara moja tu mbele ya ile meza ndiyo iliyomnyima usingizi. Alizima jiko, akaliwasha tena, akafagia palipofagiwa.

Saa tatu Gapsik aliingia uani na sepetu na toroli.

“Dada, mjomba kaonja supu ya mezani. Marehemu akila, chumvi hupungua; hii iko palepale, mama hajagusa. Ukoo mzima unanitazama kama mwizi wa kuku!” Akamwona mama. “Shikamoo, mama. Kumbe uko huku.”

“Harufu imenileta, mwanangu.”

“Basi nahamisha harufu.”

“Kichaka hiki kikihamishwa kinakufa,” Malsun alisema.

“Mimi nilihamishiwa mjini Busan, mbona nilirudi na kitambi?”

Akachimba. Malsun alizunguka mitungi ya soya, akifungua vifuniko na kuvifunga. Toroli lilipoondoka, mama alikung’uta sketi, akalifuata, akilishika tawi lililoning’inia.

“Polepole, Gapsik, kuna mashimo.”

Wakakipanda kwa Gapsik, chini ya dirisha la chumba cha tambiko. Malsun akaingia jikoni kule, meza ikaandaliwa upya. Mama aliketi nyuma yake, akala supu, akala samaki, akaacha kichwa. Wanaume walisujudu. Mjomba akaonja na kutangaza kwamba chumvi imepungua kama inavyotakiwa.

“Dada! Maji ya ukoko, mama ateremshie!” Gapsik aliita.

Malsun aliyaleta yakifuka mvuke. Ile meza ni fupi. Kuweka bakuli lazima upige magoti na kupinda mgongo. Akapiga magoti, akaweka bakuli, mikono ikagusa sakafu, paji la uso likafuata. Akabaki hapo muda mrefu kidogo kuliko bakuli lilivyohitaji.

Mama alikuwa akipuliza maji yapoe.

“Dada,” Gapsik alisema, “unatuzibia meza.”

Akainuka, akarudi jikoni. Vyombo vilikuwa vingi.