Kibuyu cha Mama Mkwe

Mama alikuwa ameshaingia uani, amekumbatia kibuyu cha samli kama mtoto mchanga, na mume wangu Sulait alikuwa ameshajificha chumbani. Si kwa chuki. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni; huzungumza mlango ukiwa katikati.

Ilikuwa mwaka 1987. Mama aliishi Nakivale, kwenye makazi yetu sisi wakimbizi wa Rwanda, na ng'ombe wake wachache. Nilipoolewa na Sulait, muuza chumvi wa Mbarara, alianza kutuletea samli. Zawadi ya mama mkwe hairudishwi wala haibakizwi, basi Sulait akala. Hakuipenda hata kidogo. Yule alikuwa mtu wa maharage. Lakini kila alipoimaliza, Mama alidhani mkwe amenogewa, akaleta kibuyu kikubwa zaidi. Heshima ikakutana na heshima, mume wangu akanenepa.

Kisha kifua kikambana akiinua gunia dukani. Daktari alitueleza kwamba mafuta, ile kolesteroli, yameanza kuziba mishipa ya moyo wake. Akampa vidonge, akamkataza samli na nyama zenye mafuta. Akiendelea nazo, moyo utasimama.

Sasa Sulait alininong'oneza penye upenyo wa mlango: "Mama ameleta, mimi nakula. Nitakataa namna gani kitu ya mama mkwe? Hiyo ni matusi."

"Basi nikuzike na heshima zako!" Nilimpenda mno, na nilitamani kumpiga mwiko.

Nikaenda kumwambia Mama kila kitu. Akaketi mkekani taratibu, kibuyu mapajani.

"Kumbe mimi njo niko naua mutoto ya watu," akasema. "Nilikuwa nawaza anaipenda."

"Anakupenda wewe, Mama."

Sauti ya Sulait ikatoka chumbani: "Mama, usilie. Nitakula kidogo tu."

"Hapana!" Mama aliinuka, akausogelea mlango, akaugeuzia mgongo kama inavyopasa. "Daktari alikataza kinywa. Ngozi naye alikataza?"

"Ngozi hapana, Mama," Sulait akajibu kutoka ndani.

Akanikabidhi kibuyu. Kwetu samli hupakwa mtoto mchanga, na bibi harusi pia hupakwa. "Umupake miguu, kifua, fasi zote," akaniambia. "Wewe njo muke."

Nilimpaka, naye akicheka kwa kutekenywa. Nje Mama alingoja.

"Amemaliza?" akauliza, kama alivyouliza siku zote.

Niliitazama miguu ya mume wangu iking'aa. "Amemaliza, Mama."

"Basi nitaleta ingine."

Akaleta, miaka na miaka. Sulait alikula maharage yake, akatembea kila asubuhi hadi sokoni, akaishi hata akamzika Mama. Siku ya maziko, kabla hatujaondoka kwenda Nakivale, alikaa kitandani akaninyooshea miguu. Nikachukua kibuyu cha mwisho, nikakikwangua.