Ufunguo Aliopewa Delmar

"Nakala ya kitambulisho, mbele na nyuma," alisema Odalis, karani wa dirishani, bila kuinua macho.

Nerio Urdaneta alikuwa amepanga foleni tangu kabla ofisi ya simu haijafunguliwa, na shati lilikuwa limemganda mgongoni. Aliangalia mashine ya nakala nyuma ya dirisha.

"Si ile pale, dada?"

"Ndiyo ile. Umeme uko wapi?"

"Sasa nakala nitaipataje?"

"Hilo si la dirisha hili. Rudi Jumatatu."

Maracaibo nzima imezoea kurudi Jumatatu, lakini Nerio hakuwa na Jumatatu ya kungojea. Laini yake ilikuwa imefungwa kwa kukaa muda mrefu bila salio. Bila laini asingepokea tarakimu za uthibitisho, na bila tarakimu asingeweza kuingia katika nyumba yake mwenyewe, ambamo mwizi alikuwa kazini.

Nyumba yenyewe ilikuwa programu iitwayo Costura. Tovuti za siku hizi hujengwa kwa maelfu ya vipande vya programu, katika lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript, vilivyoandikwa na watu wasiojuana, kila kipande kikitegemea kingine, na kabla tovuti haijafika kwa wateja lazima vipande vyote vipangwe na kufungashwa pamoja. Kazi hiyo ya kufungasha ilikuwa ya Costura. Nerio aliiandika akiwa chuoni, ikaingizwa ndani ya kiunzi kikubwa cha kujengea tovuti, na tangu hapo mabenki, maduka na hospitali za nchi asizozijua zikawa zinaichota mtandaoni bure. Kuichota waliweza. Kumsalimia aliyeitengeneza kuliwashinda.

Mwaka uliopita umeme ulipokatika siku nyingi mfululizo, wenye kampuni walimjia juu mtandaoni. Mradi umekufa? Humu hamna mtu? Ndipo akajitokeza mmoja aliyejiita Delmar, mpole, mwenye adabu, akarekebisha hitilafu moja baada ya nyingine huku akimwulizia Nerio hali ya mama yake. Nerio alikuwa amechoka. Akampa ufunguo wa kutolea matoleo mapya.

Alfajiri hii umeme ulirudi kwa muda mfupi kabla ya kukatika tena, naye akafungua kompyuta akakuta toleo jipya ambalo hakulitoa yeye, lenye jina lake. Alisoma mstari kwa mstari mpaka akaelewa. Kila kompyuta iliyofungasha kwa toleo lile ilikombwa nywila zake zote, zikatumwa kusikojulikana. Na wengi huziachia kompyuta zao zichukue toleo lolote jipya linalotoka, bila kuliangalia.

"Dada, nisikilize," alisema. "Kuna mtu anaiba kwa jina langu saa hii ninayosema nawe."

"Polisi wako mtaa wa pili."

"Polisi wataielewa habari yenyewe?"

"Mimi nimeielewa?"

Foleni ikacheka. Mama mmoja nyuma yake, anayejipepea kwa kipande cha boksi, akapaza sauti. "Mpe mtoto wa watu laini yake, Odalis! Tunaiva huku!"

Odalis alishusha pumzi. "Acha kitambulisho chenyewe. Ukileta nakala utakichukua."

Kutembea bila kitambulisho katika mji wenye askari kila njia panda ni kujitafutia makubwa, na Odalis alilijua hilo vizuri. Nerio alikisukuma chini ya kioo, akachukua laini, akatoka akipita vichochoroni. Kila alipoona sare alibadili njia.

Duka la mikate la Yoleida lilikuwa na jenereta. Mwenyewe alimwona tangu mlangoni.

"Mtaalamu huyo! Mkate au umeme?"

"Umeme, binamu."

"Nilijua. Wanaotaka mkate hawaji na uso wa msibani."

Alimwonyesha kiti cha pembeni, karibu na tanuri. Nerio akachomeka kompyuta. Tarakimu ziliingia kwenye simu, akazikosea mara ya kwanza, akaziandika tena. Mlango ukafunguka. Delmar alikuwamo, na papo hapo ujumbe ukatokea.

"Nerio, pumzika. Nimeshashughulikia kila kitu."

Kisha mwingine. "Umeme umerudi Santa Lucía? Mama anaendeleaje na presha yake? Au uko kwa Yoleida?"

Nerio aligeuka kuangalia mlangoni. Palikuwa na mzee ananunua mikate, basi. Yote yale alimwambia yeye mwenyewe, kidogo kidogo, katika miezi ile ambayo alidhani amepata rafiki. Mtaa anaokaa, dawa za mama, jenereta ya binamu. Alilitafuta jina la Delmar kwenye orodha ya wenye ufunguo, akalifuta, na ujumbe ukakoma. Hakupata nafuu yoyote.

Toleo baya lilibaki. Kwa kanuni za ghala la mtandaoni linalohifadhi vipande hivyo, programu inayotegemewa na wengi kiasi kile hairuhusiwi kuondolewa na mwenyewe. Aliandika ombi. Jibu lilikuja kabla hajavuta pumzi, maana liliandikwa na mashine: ombi lako litashughulikiwa ndani ya siku tano za kazi. Ilibaki njia moja tu, kutoa toleo jingine juu ya lile baya, ili wanaochota wachukue hilo. Alisafisha uchafu wote, akajaribu, likafanya kazi. Ndipo simu ikaita.

Alikuwa Fabián, bosi wa kampuni moja ya Panama ambayo Nerio aliifanyia vibarua. Jumatatu walikuwa wasaini mkataba wa ajira ya kudumu, yenye bima ya matibabu mpaka kwa mama.

"Nerio! Nakutafuta tangu asubuhi. Fundi wangu ameliona toleo la leo la Costura akashtuka. Ni kweli lina wizi?"

"Kweli, bosi. Mlifungasha leo?"

"Alfajiri. Duka zima liko hewani."

"Basi nywila zenu zimeshakwenda. Badilisheni zote, na muwaambie wateja."

Sauti ya Fabián ikawa ya kubembeleza. "Sikiliza, kijana wangu. Toa toleo safi, kimya kimya. Andika ni marekebisho madogo. Jina lako linabaki safi, letu linabaki safi, Jumatatu tunasaini."

"Na waliokwisha kuibiwa?"

"Hao watajijua."

Akakata. Nerio aliliangalia toleo safi. Ilibaki kubonyeza tu. Hakuna ambaye angejua kwamba ufunguo aliutoa yeye kwa mkono wake. Na alitaka kubonyeza, tusimsingizie ushujaa. Alitaka mpaka kidole kikamuuma.

Lakini alimjua Delmar sasa. Ukimya wa namna hiyo ndio alioutegemea, ukae wiki, ukae mwezi, yeye akifungua milango ya watu mmoja mmoja kwa nywila ambazo wenyewe hawajui kama zimetoka.

Nerio alilifuta toleo safi. Akaandika jingine lisilofungasha chochote. Atakayelichota, kazi yake itasimama hapo hapo na kioo kitamwandikia kwa herufi nyekundu: Simama. Toleo lililopita limeiba nywila zako. Badilisha zote. Mimi Nerio Urdaneta ndiye niliyempa mwizi ufunguo.

Akalitoa.

Kwa miaka aliyoomba msaada hadharani hakuna aliyewahi kuipata namba yake. Leo waliipata kabla mikate iliyokuwa tanurini haijaiva.

"Wewe ni nani wa kutusimamishia kazi?" aliuliza wa kwanza kwa Kihispania cha Madrid. Wa pili hakusalimia hata kidogo. "Rudisha ya zamani! Rudisha sasa hivi!"

Yoleida alimtazama huku akijifuta unga mikononi. "Kumbe una marafiki wengi hivi."

"Sio marafiki, binamu."

"Wanataka nini?"

"Wanataka niendelee kuwafungia mizigo."

Simu ikaita tena. Fabián.

"Umefanya nini, wewe? Mafundi wangu wote wamekaa mikono mitupu! Jumatatu sahau. Umesikia? Sahau!"

"Nimesikia, bosi."

"Na sijamaliza. Jina lililopo kwenye toleo lile baya ni lako. Nitawatangazia wateja wetu wote, mmoja mmoja, kwamba Nerio Urdaneta wa Maracaibo ndiye aliyeiba nywila zao. Utaozea jela!"

Nerio aliogopa jela, aliogopa dawa za mama kukatika, alimwogopa Delmar anayejua anapokaa. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Watangazie, bosi. Sema ni mimi, sawa. Lakini waambie wameibiwa, na uwaambie leo."

Nerio alibaki ameshika simu sikioni, akisikia mtu akipumua huko Panama, mpaka ilipokatwa.