Wenyeviti Wawili, Kisiwa Kimoja

Mwaka ule wa ukame, bwawa la umeme la Mtera liliponywea hadi watu wa mjini wakala chakula cha jioni kwa kibatari, katikati ya maji kilichomoza kisiwa. Hakikuwa kisiwa cha kujivunia. Tope jeusi na visiki, na ukirusha jiwe upande huu linatua majini upande wa pili. Penina, mjane asiye na shamba wala mbuzi, alikivukia kwa mtumbwi, akapanda vitunguu. Kwa miezi minne hakuna aliyemuuliza habari za kisiwa.

Vitunguu vilipokomaa ndipo kisiwa kikapata wenyewe.

Jumatano asubuhi mawingu yalikuwa yamejaa, maji yameanza kupanda, na tuta la chini kabisa lilikuwa limelowa. Ijumaa Fuso la Batholomeo, mnunuzi wa vitunguu, lingepita barabarani. Penina aliinama na jembe lake, na mitumbwi miwili ikatia nanga. Kutoka kaskazini alishuka Mazengo, mwenyekiti wa kijiji cha upande wa Dodoma, na kiti chake, wajumbe wanne na bendera. Kutoka kusini alishuka Kefa, mwenyekiti wa upande wa Iringa, na wajumbe watano na kiti chenye mgongo mrefu zaidi.

"Weka jembe chini, binti yetu," alisema Mazengo. "Hapa ni Dodoma. Hakuna kuvuna mpaka mpaka ujulikane."

"Weka jembe chini, shemeji," alisema Kefa, maana marehemu mume wa Penina alikuwa Mhehe. "Hapa ni Iringa. Hakuna kuvuna mpaka kikao kiamue."

Penina aliona kwamba kuhusu jembe lake hawakuwa na mgogoro wowote.

Kila mmoja akachomeka bendera yake. Zote mbili zilikuwa za taifa, kwa hiyo upepo ulipozivuruga kidogo, hakuna aliyejua ipi ni ya nani.

"Kabla ya bwawa, ng'ombe wa babu yangu alifia hapahapa," alisema Mazengo.

"Na fisi aliyemla alitoka Iringa," alijibu Kefa. "Tulikuwa tunatawala tangu hapo."

"Wewe mtani umefuata harufu ya nyama ya mbwa tu."

"Na wewe kopo la kuombea umeliacha wapi?"

Wajumbe wakacheka utani huo wa makabila yao, wakaketi, wakaanza ubishi upya kutoka kwa ng'ombe. Hakuna aliyethubutu kuondoka wa kwanza, asije akaonekana ameacha nchi. Saa nne maji yakameza tuta lile la chini, pamoja na vitunguu vyake vyote. Penina akahesabu matuta yaliyobaki. Akaingia kwenye kibanda chake cha kulindia shamba.

Miaka kumi na moja alikuwa amefagia ofisi ya kijiji. Alitoka na daftari alilolipigia mistari hapohapo: Tarehe, Jina, Cheo, Atokako, Madhumuni.

"Waheshimiwa, tusaini kwanza kitabu."

Mazengo akapapasa mfuko wa shati, akatoa kalamu. Akaandika jina, cheo, atokako Dodoma, ziara ya kikazi. Akagonga mhuri. Kefa akalivuta daftari, akaandika kwa herufi kubwa zaidi, atokako Iringa, akagonga mhuri mara mbili.

Penina akasoma polepole, kwa sauti. Kisha akasema, "Basi karibuni. Nyote ni wageni, mmeandika wenyewe katika kitabu cha wageni. Na mimi sijawahi kuona mgeni anamzuia mwenyeji asiingie shambani."

Wenyeviti wakainamia daftari.

"Wewe ulisaini kwa nini?" Mazengo alimuuliza Kefa.

"Kwa sababu wewe ulisaini."

"Mimi ni mazoea tu. Nikiona mistari ile mkono unaenda wenyewe."

"Tuuchane ukurasa."

"Wenye mihuri? Sitaki kesi mimi."

Maji yalikuwa yamefika kwenye miguu ya viti. Penina akamnyooshea Mazengo jembe, na Kefa gunia. "Wageni wangu, nisaidieni kabla hatujaogelea."

Mazengo alipong'oa tuta moja, Kefa hakukubali, akang'oa mawili. Kufika alasiri wajumbe tisa walikuwa wamelowa hadi mapajani na magunia manane yalikuwa yamevushwa. Alhamisi palibaki ncha za bendera. Ijumaa hapakubaki kitu.

Fuso lilipofika, Batholomeo alipima gunia kwa mkono, akanusa kitunguu.

"Hivi ni vya Dodoma au vya Iringa, mama?"

"Vyangu," alisema Penina. "Shika huko chini, vina uzito."