Kwanza Vumbi, Ndipo Treni

Kwanza vumbi, ndipo treni. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa ile kona. Ungeliona vumbi likiinuka juu ya vichaka, jekundu, jepesi, likining'inia kwenye jua la asubuhi bila haraka yoyote. Kisha honi darajani. Kisha ardhi kutetemeka chini ya nyayo. Na mwisho kabisa kichwa cha treni kikijitokeza, mabehewa nyuma yake, na dereva wetu dirishani, kofia imemkaa upande.

Na pale konani, magoti juu ya kokoto, jicho kwenye kamera, alikuwapo yule bwana. Watu wa reli walimwita Kokoto, maana alikaa juu ya kokoto hadi ukimtazama kwa mbali huwezi kumtofautisha nazo. Hakuajiriwa na reli. Hakutumwa na mtu. Alikuwa na studio ndogo mjini ya kupiga picha za pasipoti, na kila alipopata upenyo alifunga mlango akaja kwenye treni yake. Treni yake, ndivyo alivyosema, na dereva alipomsikia mara ya kwanza alicheka akamuuliza, "Yako? Kwa hiyo na mimi ni wako?" Kokoto akajibu bila kutabasamu, "Wewe nakuazima tu." Urafiki wao ulianzia hapo, ukadumu miaka kumi na tisa.

Kumi na tisa, jamani! Mvua ilimnyea, jua lilimchoma, siafu walimwingia hadi kusikotajika. Mlinzi wa reli alimfukuza mara nyingi kuliko alivyofukuza mbuzi, na mbuzi angalau walikuwa wanakimbia. Mfuniko wa kamera ulivunjika bawaba, akaufunga kwa mpira wa suruali. Ukilegea kidogo tu, mwanga unaingia na kazi ya wiki nzima inaungua. Iliungua mara ngapi? Alikaa chini, akaguna, akajifuta jasho, akaanza upya.

Picha alizisafishia bafuni kwake, mchana kweupe, blanketi limepigiliwa dirishani, taa nyekundu inawaka, beseni tatu za dawa sakafuni. Mkewe na watoto walisubiri koridoni, taulo mabegani. "Nyumba hii, shemeji," mkewe alimwambia dereva, "treni inaoga kwanza. Sisi tunafuata." Alilalamika, ndiyo, tena kwa sauti. Lakini blanketi lile alilipigilia yeye mwenyewe, na nyundo ilipopotea ni yeye aliyejua ilipo.

Siku moja dereva aliingizwa mle bafuni, akabanwa kati ya ndoo na mlango, akaambiwa asipumue sana. Karatasi nyeupe ililala ndani ya beseni. Haikuwa na kitu. Halafu ukaanza ukungu, kijivu, ukatanda; na ndani ya ukungu, taratibu, taa, bampa, magurudumu, treni nzima. "Unaona?" Kokoto akamnong'oneza. "Hata humu. Kwanza vumbi."

Dereva alikuwa akiiendesha treni ile kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa. Aliyemfundisha kuipenda ni Kokoto, mle bafuni, miguu yao ikilowa.

Halafu macho ya Kokoto yakaanza kuzima. La kushoto kwanza, la kulia likafuata, pole pole. Daktari alimwambia ukweli bila kuzunguka. Mkewe alijua. Dereva hakuambiwa, kwa amri ya Kokoto mwenyewe: "Yule akijua atanihurumia. Na mtu akikuhurumia anakuharibia kazi."

Alichofanya ni hiki. Alichagua jiwe moja kando ya reli, akalipaka chokaa. Akaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akailenga pale pale, akakaa kusikiliza. Honi ikilia darajani anaanza: moja, mbili, tatu. Ikifika kumi na moja, treni iko kwenye jiwe. Anabonyeza. Mwendo wa dereva haukubadilika, wa leo ndio wa jana, na Kokoto aliuegemea jinsi mtu anavyoegemea ukuta wa nyumba yake. Miaka miwili alipiga picha kwa masikio, mkewe akizisafisha bafuni. Dereva akizishika alikuwa akisema, "Bwana wee, una jicho wewe!" Na Kokoto anaitikia, "Ndiyo, ninalo."

Ndipo tangazo likabandikwa stesheni: njia inafungwa, treni ya mwisho Alhamisi asubuhi.

Kokoto alibaki na filamu moja, na madukani hazikupatikana tena. Wiki ile alipiga picha ya mkata tiketi kwenye kidirisha chake, ya kengele, ya benchi lililochakazwa na makalio ya wasafiri, akabakiza picha moja. Moja tu, ya treni ya mwisho ikipita kwenye jiwe, na vumbi lake lote. "Hiyo ndiyo nitakayobaki nayo giza likishaingia," alimwambia mkewe. "Nitaijua ilivyo hata nisipoiona."

Na dereva naye, juu kwenye kiti chake, alikuwa na lake moyoni. Mtu wa namna ile umpe zawadi gani? Aliwaza njia nzima, akapata: miaka yote nampita mbio, leo nitampa nafasi ashibe. Akapiga honi darajani. Akavuta breki.

Laiti angekwenda kama siku zote!

Moja, mbili, tatu. Kokoto alihesabu, jasho likimtiririka shingoni. Tisa, kumi. Kumi na moja, akabonyeza. Na mara tu alipobonyeza, masikio yakamwambia. Treni ilikuwa bado mbali, inajongea, inatambaa, chuma juu ya chuma, taratibu. Hakuna vumbi puani. Hakuna mtetemo magotini. Akajua palepale kwamba picha yake ya mwisho imekwenda na treni haijafika.

Kisha ikafika, na juu yake sauti ya rafiki yake, imejaa furaha: "Piga, bwana! Piga ushibe!"

Mwingine angeibwaga kamera chini. Kokoto aliinyanyua. Akaielekeza kwenye ile sauti, akaifuata toka kushoto hadi kulia, kidole kikicheza juu ya kitufe, na ndani hamna kitu, mpaka behewa la mwisho likaisha. Alikuwa anatabasamu. Dereva alipunga kofia mpaka mkono ukamchoka, na siku ile alirudi nyumbani akijiona amefanya la maana.

Baada ya wiki mbili mke wa Kokoto alikuja kwa dereva na bahasha. Alimweleza yote: macho, jiwe, kumi na moja. Dereva alikaa kizingitini akalia, mtu mzima na mvi zake, asijali nani anapita.

"Nimemharibia, shemeji."

"Fungua kwanza," akasema shemeji.

Aliifungua. Kisha akavaa viatu, akaenda nayo moja kwa moja kwa Kokoto, akaanza kuomba radhi tangu mlangoni. Kokoto akamkatiza. "Hayo yameisha. Wenye macho wananiambia kila mtu lake. Niambie wewe, picha ina nini?"

Dereva akaisogeza kwenye mwanga. "Jiwe lako katikati. Reli tupu, zinang'aa. Vumbi hakuna. Na kule mwisho wa kona treni ndiyo kwanza inachungulia, ndogo. Na mimi dirishani, nimetoka nusu nzima, nacheka kama mjinga."

"Unaonekana?"

"Hadi meno. Ni mara ya kwanza; siku zote vumbi hunifunika."

Kokoto akaipapasa picha kwa kidole. "Kwa hiyo haijapita?"

"Haijapita."

"Itundike kwako, basi. Mimi humu ndani ninazo zinazopita tu."

Reli ziling'olewa, kona ikaota majani, daraja wanavukia ng'ombe. Dereva amestaafu. Kila Alhamisi asubuhi Kokoto huja, ameshikwa mkono na mkewe, haoni tena hata mwanga, akakaa kwenye kiti kinachotazamana na ile picha. Vumbi la barabarani huingia sebuleni na kutua juu ya kioo cha picha, na wiki nzima dereva haligusi, wala haruhusu liguswe. Hulingoja Alhamisi. Ndipo huchukua kitambaa akafuta, pole pole, na Kokoto akisikia kitambaa kwenye kioo huinua kichwa.

"Kwanza vumbi," anasema.

"Ndipo treni."

"Imefika wapi?"

"Iko konani, bwana. Inakuja."

Kokoto huanza kuhesabu, na dereva huhesabu naye. Moja, mbili, tatu. Wakifika kumi hunyamaza wote wawili, chai inapoa mezani, na hakuna anayetaja ile inayofuata.