Mfuko Wangu Siutoi
Mama Ran aliposikia kwamba mkwewe atalazwa kifudifudi, tumbo limezama kwenye maji baridi, alitua kikombe chake cha maji moto kwa kishindo.

"Baridi? Kwenye mfuko wa uzazi? Guizhen, mwanangu, umerogwa?"

Wanawake wa jiji la Chongqing wamelelewa hivyo: ukiwa mwezini, hata mikono hunawi kwa maji ya bomba. Guizhen alikuwa ameyafuata yote tangu usichana, tangawizi na sukari guru, chupa ya maji moto kiunoni, na bado kila mwezi alipika tambi za kuuza kibandani kwake amejikunja, damu ikimtoka mpaka aone kizunguzungu. Hayo maji moto yalikuwa yamemsaidia nini?

Kabla ya hapo, hospitali ya kwanza walimwambia nyama ya utando wa ndani ya mfuko imejipenyeza kwenye misuli ya mfuko wenyewe, na dawa ni kuung'oa mfuko wote. Mama Ran aliona ni jambo jema.

"Toa, yaishe! Binti yako yuko chuo kikuu. Au una mpango wa kuzaa mwingine?"

"Sina."

"Sasa unautunzia nini?"

"Ni wangu, Mama. Meno ya dhahabu ya marehemu Baba yamo kabatini kwako, nimewahi kukuuliza unayatafunia nini?"

Mumewe Guizhen alijifanya anatafuta viatu.

Hospitali ya pili, Daktari Pu alimweleza kwamba mawimbi ya sauti yatatoka chini ya yale maji, yakutane mahali pamoja ndani ya tumbo, yaunguze nyama mbovu bila kupasua ngozi.

"Hutapewa dawa ya usingizi," alisema. "Kazi yako ni moja tu: ukisikia maumivu, sema wapi. Mishipa ya fahamu ya mguu iko jirani, naweza kuiunguza. Ukininyamazia nitaacha, na hapo hakuna njia ila kisu."

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo. Lakini Guizhen alikuwa amesifiwa maisha yake yote kwa kujikaza kisabuni. Siku ya matibabu maji yalimgusa tumbo, mashine ikaanza, na moto ukamshuka mguuni hadi kisiginoni.

"Vipi?" aliuliza daktari.

"Sawa tu."

"Na sasa?"

"Sawa tu."

Mashine ikanyamaza. "Dada, vidole vya mguu vimejikunja namna hiyo halafu unaniambia sawa?"

"Nimezoea."

"Mimi siwezi kufanya kazi na mtu aliyezoea. Ukirudia tena, nazima na tunamalizia hapa."

Guizhen alipandwa na hasira, na si kwa daktari. Guizhen hodari, Guizhen hanung'uniki! Kumbe sifa zote zile zilikuwa za kumfunga mdomo, na sasa zilitaka kuondoka na mfuko wake. Hazitaupata.

Moto ulipokuja tena alipaza sauti yake ya kibandani.

"Mguu wa kushoto! Sogeza!"

"Hapa?"

"Mgongoni sasa, kwenye mfupa! Wee daktari, unatibu au unachoma mishikaki?"

"Vizuri sana. Endelea hivyo hivyo."

Akaendelea. Alifoka, akatukana, akaelekeza, na daktari akasogeza moto kidogo kidogo mpaka akasema imetosha, nyama mbovu imeungua na mfuko uko mahali pake.

Walipomtoa kwa kitanda cha magurudumu, Mama Ran alikuwa amesimama ukumbini, uso umemwiva.

"Aibu gani hii! Sauti imefika mpaka kwenye lifti! Mimi nimezaa watatu, sikutoa hata kikohozi!"

"Najua, Mama. Nani alikushukuru?"

Mama Ran aligeuka. Alimtazama mwanawe, mumewe Guizhen, kisha akatazama dirisha.

"Bado unaumwa?" aliuliza mwishowe, polepole.

"Naumwa!" alisema Guizhen, na ukumbi mzima ukamsikia.