Sihaba na Ukoo wa Traore

Sihaba binti Msabaha alikuwa na mwaka wa nne akinunua viatu katika soko la Zhanxi, China, na kuvisafirisha Unguja, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu pale Guangzhou aliyewahi kumsikia akiimba. Walimjua kwa mengine. Walimjua kwa ukali wa bei, kwa wepesi wa kucheka, na kwa Kichina chake cha sokoni chenye lafudhi ya Mwembetanga. "Tai gui le!" alikuwa akipiga kelele, yaani ghali mno hiyo, na wenye maduka walikuwa wakicheka kwanza ndipo wapunguze. Lakini kwao Unguja alikuwa mwimbaji wa taarab, tena wa mbele. Alipoachika aliona sauti haimlishi yeye na wanawe wawili, akachukua mkoba wake akapanda ndege.

Siri hiyo ilivuja mwaka 2006, kwa sababu ya mtoto mchanga.

Mtaani Xiaobei, mlango wake ulitazamana na wa Asitan, Mmali, mke wa Musa Traore aliyekuwa akiuza vipuri vya pikipiki. Asitan alipojifungua binti, mama yake yuko mbali, Sihaba ndiye aliyempikia uji wa pilipili manga na kumkanda kwa maji ya moto kama afanyiwavyo mzazi Unguja. Siku ya pili mtoto akalia asinyamaze. Sihaba akampakata, akatembea naye chumbani, na bila kujijua akaanza kumwimbia.

Bibiana alikuwa mle ndani. Huyu alikuwa Mkongomani wa Bukavu mwenye saluni chini ya jengo, na kwa kuwa alijua Kifaransa na Kiswahili, ndiye aliyekuwa mdomo wa Asitan kwa Sihaba na wa Sihaba kwa Asitan. Alisimama chanuo mkononi, macho yamemtoka.

"Dada Sihaba, sauti hiyo ulikuwa unaificha wapi?"

"Wacha maneno yako. Nambembeleza mtoto."

Hapo Asitan akaangua kilio. Akasema Kifaransa harakaharaka, akijifuta na upande wa khanga aliyopewa na Sihaba.

"Ana nini tena?"

"Anasema mwanawe atapewa jina kama mtoto asiye na watu," Bibiana akajibu. "Kwao, siku ya jina lazima asimame jeli."

Akamweleza. Kule Mali kuna koo ambazo kazi yao tangu enzi ni kuhifadhi habari za koo nyingine: nani kamzaa nani, nani alifanya nini. Hao ndio majeli. Mtoto akishapewa jina, jeli husimama akamwimbia babu zake wote mbele ya watu, ili dunia ijue huyu si wa kuokotwa. Na Guangzhou nzima jeli alikuwepo mmoja tu, Mzee Bakari Diabate, muuza vitambaa. Jina lake lenyewe lilimtangaza, maana Diabate ni ukoo wa majeli. Lakini Mzee Bakari alikuwa haimbi. Utotoni alimwona baba yake akisimama milangoni mwa matajiri akiwasifu na kungoja watoe mkono mfukoni, akaapa kwamba yeye mdomo wake hataufungua kwa ajili ya mfuko wa mtu. Aliyemwomba aliambiwa, "Nauza vitambaa," na siku hiyo hata kitambaa hakuuziwa.

"Sasa anauliza kama utaimba wewe," Bibiana akamalizia.

"Mie? Mie Mzanzibari! Hata lugha yao naijua wapi?"

"Anasema majina ni majina, Dada. Anasema yeye atakufundisha."

Sihaba alimtazama mtoto, amelala kifuani pake mdomo wazi. Akasema haya, lakini watu wakicheka wasimlaumu yeye.

Kwa siku tano akawa anatoka Zhanxi mchana, anavua viatu, anakaa chini kando ya kitanda cha mzazi. Asitan alitaja, yeye akaandika juu ya mfuniko wa boksi la viatu. Musa wa Sedu. Sedu wa Ngolo. Ngolo wa Faraban, aliyelima bonde ambalo wenzake waliliogopa. Alipoyashika majina akayatafutia sauti, na sauti iliyokuja ilikuwa ya nyumbani, ile ya taratibu inayopanda ikazunguka kabla ya kushuka. Asitan alifumba macho akisikiliza. Akasema si ya kwao hata kidogo, lakini iache hivyohivyo.

Wanawake wengine wa Kimali wakaja kupiga ngoma. Kwao hufunika kibuyu juu ya maji kwenye beseni wakakipiga kwa vijiko. Kibuyu hakikupatikana, wakafunika mabakuli ya plastiki, na mlio ukatoka, du-du, mzito, unatetemesha sakafu. Siku ya tatu mama mwenye nyumba akapanda na hasira zake kwamba maji yanadondoka hadi chini. Akawakuta wanawake sita wameketi kuzunguka mabeseni. Akaangalia. Akauliza kama naye anaweza kujaribu mara moja. Alipoondoka magoti yake yalikuwa yamelowa.

Jumapili, siku ya jina, ikafika. Musa alikuwa amekodi ghorofa ya juu ya mkahawa wa Waislamu wa Kichina, ambao ndio waliochinja kondoo. Kufikia saa tatu asubuhi hapakuwa na pa kukanyaga. Wamali, Waginea na Wasenegali walikuja na nguo zilizotiwa wanga zikang'aa, zikilia shwa-shwa kila mtu alipokaa. Mzee Bakari aliwekwa mbele kwa heshima ya umri, kanzu ya samawati, uso umekazwa. Mtoto akanyolewa, imamu akamnong'oneza sikioni, kisha akatangaza: Masaran.

Watu wazima wakaanza kutazama chini, maana walijua ni hapa ndipo pengo lilipo. Ndipo Bibiana akamsukuma Sihaba mgongoni.

Alisimama katika baibui lake jipya. Mabakuli yakaanza, du-du. Akafungua kinywa.

Mwanzo watu walishangaa tu. Mwanamke mgeni, wimbo mgeni, halafu ndani yake mnatokea majina wanayoyajua! Musa alishika kichwa. Kina mama wakaanza kupiga makofi. Sihaba akaona wamempokea, woga ukamtoka, akaiachia sauti kama alivyokuwa akiiachia zamani: Sedu mwana wa Ngolo, Ngolo mwana wa Faraban...

"La!"

Mzee Bakari alikuwa amesimama. Mabakuli yakanyamaza. Kidole hewani, alikuwa akisema kwa lugha ya kwao.

"Nimefanya nini?" Sihaba alimnong'oneza Bibiana. "Nimetukana?"

Bibiana aliuliza jirani yake upesi, akarudi amepauka. "Anasema Ngolo hakuwa mwana wa Faraban. Alikuwa yatima. Faraban alimkuta bondeni akamlea, akampa ardhi sawa na wanawe wa kuzaa. Anasema hiyo ndiyo sifa kubwa ya ukoo huu, na wewe umeipita kama si kitu!"

"Basi mwambie aiseme yeye," Sihaba akajibu, kwa sauti kubwa sasa, maana aibu ilikuwa imegeuka ujasiri. "Mie nimeyajua majina haya Jumanne. Yeye ana miaka sitini nayo."

Bibiana alisita, kisha akatafsiri neno kwa neno. Mtu mmoja nyuma akacheka akaziba mdomo.

Mzee Bakari akamtazama Sihaba. Akamtazama Musa. Kumbe baba yake Mzee alikuwa jeli wa nyumba hiyohiyo ya kina Traore, huko Kita nchini Mali, na hadithi ya yatima alikuwa ameisikia angali mgongoni mwa mama yake. Akafumba macho. Sauti iliyomtoka kwanza ilikuwa mkwaruzo mtupu, akakohoa, akaanza tena, na safari hii ikapanda mpaka kwenye dari. Hakuimba kwa upole kama Sihaba. Aliyarusha maneno mengimengi kama mvua juu ya bati, kisha akalivuta moja likarefuka hadi watu wakaguna. Musa Traore, mwanamume wa miraba minne, alilia bila kujificha. Asitan alimwinua mtoto juu kwa mikono miwili ili naye asikie. Na wanawake wakayarudia mabeseni kwa nguvu hata maji yakaruka kwenye nguo za sikukuu, asijali mtu.

Alipomaliza habari za Traore hakukaa. Alimgeukia Sihaba, na Bibiana akatafsiri: "Na wewe, binti yangu, baba yako nani?"

"Msabaha. Msabaha bin Haji, wa Makunduchi."

"Haji alifanya nini?"

Sihaba hakuwahi kuulizwa hivyo. "Alichimba visima," akasema. "Kule kwetu chini ni jiwe tupu. Alilipasua kwa nyundo na mtaimbo. Mpaka leo watu wanachota."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, akalionja jina mara mbili, kisha akaliimba. Haji aliyeligonga jiwe likatoa maji, na Msabaha mwana wa Haji, na Sihaba binti Msabaha aliyevuka bahari mbili akaja kumfungua mdomo jeli. Sihaba alicheka na kulia pamoja. Akachomoa noti mkobani, akaenda kwa mwendo wa madaha wa Unguja akaibandika kwenye kofia ya Mzee, na Wamali wakashangilia, maana hata wao hutunza vivyohivyo. Kumbe Mzee aliipokea bila kinyongo. Akasema Bibiana amfasirie: mtu anayetunzwa akiwa ameimba kwa hiari yake si sawa na anayengoja mlangoni, na jambo hilo limemchukua miaka arobaini kulielewa.

Wakala kondoo hadi adhuhuri. Kabla hawajanawa mikono, Waginea walishakuja kuwaomba wote wawili kwa harusi ya Ijumaa ya pili. Mzee Bakari alisema koo lake lina kutu. Sihaba alisema ana viatu mia nane vya kufungasha.

Alhamisi iliyofuata walikutwa dukani kwa Mzee, kati ya majora ya vitambaa, wakibishana ni nani aanze kuimba harusini, na wateja watatu wakiwa wamekaa chini wakisikiliza.