Swali Moja la Kifungu cha Tisa

Neno "inapowezekana" lilikaa mwishoni mwa kifungu cha tisa kama paka kwenye kiti cha mgeni: limejikunja, limefumba macho, na halina nia ya kuondoka. Aliyeliweka pale ni mwanasheria wa nchi ya juu, mwanamke ambaye wenzake walimwita Kinyonga, maana sentensi zake zilibadilika rangi kulingana na aliyezitazama.

Mto ulikuwa mmoja, nchi mbili. Wa juu walikuwa na bwawa. Wa chini walikuwa na mashamba, na masikio ya kutegea ngurumo ya maji. Mkataba wa kwanza ulivunjika kwa sababu kila upande ulitia saini kile ulichopenda kuelewa. Tangu hapo tume ya mto ikajiwekea desturi: kifungu husomwa kwa sauti na upande usiokiandika, kisha msomaji huuliza swali moja tu, na mwandishi hujibu kwa maneno ya jikoni, bila chembe ya sheria.

Kinyonga hakuwa na wasiwasi. Maneno ya jikoni alikuwa nayo tele; ndiyo yaliyomwozesha mara mbili. Tena mkurugenzi wake alikuwa akistaafu, na waziri alikwisha kudokeza kwamba atakayekipitisha kifungu kile kama kilivyo, kiti ni chake.

Msomaji wa nchi ya chini alikuwa mzee mwenye koti lililomzidi mabega. Alimwita Kinyonga shemeji, kwa kuwa dada wa Kinyonga aliolewa huko chini, na utani wa shemeji haungoji ruhusa ya mwenyekiti. Akavaa miwani, akasoma polepole kama mtu atoaye miiba kwenye samaki: nchi ya juu itaijulisha nchi ya chini kabla ya kufungua milango ya bwawa, inapowezekana.

Akavua miwani.

"Shemeji, milango ikifunguliwa watu wakiwa mezani wanakula, dada yako anaambiwa na nani?"

Mkurugenzi akamnong'oneza Kinyonga aseme ofisi itapiga simu. Jibu zuri, limepigwa pasi.

Kinyonga akafungua kinywa. Iliyomjia ni sauti ya dada yake masika yaliyopita, ikicheka kwenye simu kama ya mtu aliyekwisha kulia: maji yenu yamefika, salamu zenu bado ziko njiani? Mama mkwe wa dada, aliyepooza, walimtoa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa. Kinyonga naye alicheka, akampa pole, akarudi kwenye rasimu yake. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wa kale. Na yeye kovu lenyewe hata hakwenda kulitazama.

"Anaambiwa na maji," akasema.

Mkurugenzi akaitazama kalamu yake kana kwamba ndiyo iliyosema. Mwenyekiti akakirudisha kifungu kwa mwandishi, kama ilivyo desturi jibu lisipolingana na maandishi, akaita mapumziko.

Watu wakaifuata chai. Kinyonga akabaki mezani, akamfurusha paka wake kwa mstari mmoja wa wino. Kiti kikawa kitupu, nacho kilitaka kukaliwa na saa zinazohesabika. Akamwuliza mzee, ambaye naye hakuifuata chai, watu wa kule huchukua muda gani kuhama.

Mzee akavuta kiti, akaketi upande wa nchi ya juu bila kuona haya.

"Inategemea, shemeji. Wapo wanaotembea, wapo wa kubebwa."